Daraja na Waliolijenga

Atokaye Bariadi kwenda Mwanza hushuka Lamadi, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kisha huvuka mto Simiyu wilayani Magu. Mto huu si mkubwa machoni. Kiangazi hubaki mchanga na vidimbwi. Mvua zikishika hufurika ghafula na kumlazimisha msafiri asiye na daraja kungoja. Ndio ulioupa jina mkoa uliotengwa na Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, Bariadi ikafanywa makao yake makuu. Tangu hapo mji umepigwa picha nyingi: lami, ofisi, taa za barabarani. Watu wamo kwa uchache, kama vivuli.

Desturi hii ni kongwe. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa, tangu 1896 hata ikafika ziwani 1901, William D. Young aliifuata kwa kamera yake. Katika picha za namna hiyo chuma huonekana dhahiri, na mhandisi husimama mbele katika kofia yake. Vibarua husimama nyuma, aghalabu bila majina. Wahindi walioletwa walikuwa kiasi cha 32,000. Waliokufa wahesabiwa 2,493. Waafrika waliobeba mizigo na kufyeka msitu hata hesabu yao ni ya kubahatisha. Kwenye daraja la Tsavo, mwaka 1898, simba wawili waliwaua wafanya kazi wengi, na Patterson, msimamizi wa ujenzi, akaandika kitabu chenye picha kilichotoka 1907. Simba hao leo wako katika jumba la makumbusho la Chicago, wakitazamwa na umati. Ni jambo la kustaajabisha, nami siliwezi kulizoea, kwamba mla watu ajulikane kuliko walioliwa.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, kati ya Kigongo na Busisi. Faida yake haina ubishi: mgonjwa hangoji tena kivuko. Lakini kivuko nacho kilikuwa na mabaharia, wachuuzi na wapagazi, na katika picha za sherehe hiyo nilizoziona sikuwapata.

Bariadi wangali wako wazee waliovuka mchanga wa Simiyu kwa miguu na mizigo ya pamba. Wapiga picha wapo, na wazee hao majina yao wayajua.