Pedi za breki na vumbi lililowadhuru mafundi

Pedi ya breki ni kifaa kilichotengenezwa ili kiishe. Dereva anapokanyaga breki, pedi mbili huibana diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Nguvu ya mwendo hugeuka joto, na sehemu ndogo ya pedi husagika kuwa vumbi. Historia ya breki hizo ni historia pia ya vumbi hilo.

Mhandisi wa Kiingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki za diski mwaka 1902. Pedi zake zilikuwa za shaba, nazo zilipiga kelele kali na kulika upesi katika barabara mbovu za wakati ule. Ndipo Herbert Frood, mwanzilishi wa kampuni ya Ferodo, alipotumia asbesto, nyuzi za madini zinazostahimili joto kali.

Hata hivyo, breki za diski zilianza kupata umaarufu baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mwaka 1953 gari la Jaguar lenye breki hizo lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Miaka miwili baadaye kampuni ya Citroën ilizifunga kwenye magurudumu ya mbele ya gari lake la DS.

Wakati huo hatari ya asbesto ilikuwa imekwisha kujulikana. Mwaka 1924 Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto mjini Rochdale, Uingereza, alifariki akiwa na umri wa miaka 33, na chembe za madini hayo zikakutwa mapafuni mwake. Ripoti ya serikali ya mwaka 1930 ikathibitisha kuwa vumbi hilo huwadhuru wafanyakazi viwandani. Lakini katika gereji, mafundi waliendelea kwa miongo mingi kupuliza vumbi la breki kwa hewa ya kompresa, huku wakilivuta.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999, na mwaka 2024 Marekani ikatangaza kanuni ya kuzuia aina iliyobaki katika matumizi. Magari ya zamani, hata hivyo, yangali yakiingia gereji, na pedi zake kuukuu huenda zikawa na asbesto. Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya kazini hushauri vumbi la breki lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa, wala lisipulizwe kamwe.