Sauti ya Tunguu

Simu ya upepo ya mkononi, mfano wa ile ya polisi, ina nguvu ya wati 5 tu; haifikii hata taa ya chumbani. Hata hivyo yaweza kufikisha sauti kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, kiasi cha kilomita 400 juu ya Forodhani. Tangu mwaka 2020 humo mna mtambo unaopokea sauti za wanaredio wa ridhaa na kuzirusha upya. Kikipita, una dakika 10 hivi, nawe wakifuata kwa antena.

Unguja tulianza zamani. Mwaka 1960 Uingereza na Marekani zilikubaliana, na Tunguu kikajengwa kituo cha mradi wa Mercury. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn, akiizunguka dunia, alizungumza nacho. Mjini ikavuma kwamba ni kambi ya makombora, na chama cha ZNP kikakipinga. Siwacheki: aliyetia saini si yule aliyepita kila siku mbele ya milingoti ile. Baada ya Mapinduzi, Aprili 1964, serikali mpya ilitaka kiondolewe. Wamarekani wakahamia Madagaska.

Mwenye simu ya upepo leo hahitaji mkataba wa mataifa. Leseni aiombe TCRA.