Neno "Kabila" katika Masomo ya Sosholojia, na Ushahidi wa Ujiji

Makusudi ya makala haya ni kutazama neno moja, nalo ni kabila, jinsi lilivyoingia katika masomo ya sosholojia ya shahada ya kwanza, na jinsi mji wa Ujiji unavyolikataa. Mimi ni mtu wa lugha, wala sidai ustadi katika sosholojia. Nilisoma kozi mbili za elimu hiyo nilipokuwa mwanafunzi, na kwa kuwa maswali ya wana-sosholojia huulizwa kwa maneno, nadhani mtu wa maneno aweza kuruhusiwa kusema kidogo.

Katika Tanganyika sosholojia ilikuwa kazi ya serikali kabla ya kuwa somo la chuo. Serikali ya Waingereza iliwaajiri wataalamu walioitwa wana-sosholojia wa serikali. Mmoja alikuwa Hans Cory, Mwaustria aliyeandika sheria na mila za Wahaya na Wasukuma. Mwingine alikuwa P. H. Gulliver, katika miaka ya 1950. Tangu sheria ya mwaka 1926, utawala ulipitishwa kwa wenyeji wenyewe, kwa hiyo ilipasa kila mtu awe na kabila, na kila kabila liwe na mtemi wake, nchi yake na mila zake. Kwa upande wa Kigoma, J. H. Scherer alikwenda katika nyanda za juu za Buha. Makala yake juu ya Waha yalitoka mwaka 1959, na kitabu chake juu ya ndoa na mahari mwaka 1965. Kule juu alikuta watemi na ng'ombe, yaani vitu ambavyo elimu ile ilijua kuvitazama. Ujiji, uliopo chini ufukweni, haukuwa na umbo hilo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kwa wanafunzi wa sheria tu, na masomo ya sanaa na sayansi za jamii yakafuata mwaka 1964. Nyaraka za Cory zimo katika maktaba ya chuo hicho. Hivyo kijana wa taifa jipya aliisoma elimu mpya karibu na rafu zilizojaa makabila.

Sasa tuutazame mji wenyewe. Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari, 1858. Biashara ya pembe na watumwa iliwaleta pale Waarabu, watu wa Mrima, Wanyamwezi, Warundi, na wengi kutoka ng'ambo ya Ziwa walioitwa kwa jina moja Wamanyema, ingawa walitoka katika watu wa lugha mbalimbali. Beverly Brown, katika tasnifu yake ya mwaka 1973 juu ya historia ya Ujiji, aeleza jinsi wageni hao walivyogeuka kuwa watu wa mji. Mtu aliyevushwa Ziwa akiwa mtumwa, baada ya miaka ya kusilimu, kuvaa kanzu na kusema Kiswahili, aliweza kujiita mngwana. Hapa pana jambo la kumfurahisha mwanafunzi wa lugha. Pwani, mngwana ni aliyezaliwa huru, mwenye ukoo unaojulikana. Bara, neno hilo lilimpokea hata aliyeupata uungwana kwa mwenendo wake. Kisha likavuka maji kurudi magharibi, na Kiswahili cha huko Kongo kikaitwa Kingwana. Je, mngwana ni kabila? Hapana. Lakini ukimwandika mtu huyo Mmanyema na kuishia hapo, umefuta kazi ya maisha yake yote.

Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekwenda Ujiji na dodoso lake. Alilitunga kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia, kisha akalitafsiri. Swali la nne lilikuwa: Kabila lako nini? Katika ua mmoja aliwauliza ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja. Kaka mkubwa alijibu Mmanyema. Dada yao akajibu Muha, kwa kufuata upande wa mama. Mdogo akasema yeye Mswahili. Kijana wetu alidhani wanamfanyia mzaha, akataka kusahihisha. Nikamshauri aandike alivyosikia. Aliandika hivyo, na aliyemsahihishia kazi akampunguzia maksi kwa jedwali lisiloeleweka. Mpaka leo naona jedwali lile lilikuwa sehemu ya kweli kuliko zote katika kazi yake.

Si haki kuilaumu elimu nzima. Aidan Southall, aliyepata kufundisha sosholojia Makerere, aliandika mwaka 1970 kwamba kabila kama lilivyofundishwa ni njozi kwa sehemu kubwa. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila katika nchi yetu. Liisa Malkki naye alikaa na wakimbizi Wahutu wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Katika kitabu chake cha mwaka 1995 aonyesha kwamba waliokaa katika makazi ya Mishamo walijisimulia kuwa taifa moja lililo uhamishoni, lakini wenzao wa mjini Kigoma walijitaja kwa majina mengi, kama ilivyofaa mahali na saa. Tena kwao haikuwa mchezo, kwa maana jina likiandikwa vibaya laweza kumwondoa mtu nyumbani kwake. Mwaka 2014 wakimbizi wapatao 162,000 wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania.

Mwanafunzi atakayekwenda Kigoma mwaka huu pengine atalikuta swali la nne lingali katika dodoso alilorithi. Ningependa asilifute. Aandike jibu kama alivyolipewa, na pembeni aandike ni nani mwingine aliyekuwa amekaa barazani akisikiliza.