Mazungumzo ya Afya: Donge la Nywele Tumboni

Leo tuanze na mbuzi.

Ukiwahi kusafisha matumbo ya mbuzi au ng'ombe, huenda umekuta kitu cha mviringo kilichoshikana kama mpira wa matambara. Ni manyoya aliyomeza mnyama akijilamba. Sisi hukitupa. Zamani, mawe yaliyojijenga tumboni mwa mbuzi mwitu yalikuwa mali kubwa. Waajemi waliyaita padzahr, yaani kinga ya sumu, na wafalme wa Ulaya wakayanunua kwa bei ya kutisha. Miaka ya 1560, Ambroise Paré, tabibu wa mfalme wa Ufaransa, aliona imani hiyo ijaribiwe. Mpishi mmoja aliyehukumiwa kunyongwa kwa wizi alikubali kunyweshwa sumu kisha apewe jiwe. Maskini, alikufa kwa maumivu makali baada ya saa chache.

Na binadamu je? Mwaka 1779 Mfaransa Baudamant alieleza juu ya donge la nywele tumboni mwa mtu. Mwaka 1883 Schönborn, daktari Mjerumani, alilitoa kwa upasuaji. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani walieleza donge lenye mkia ulioshuka hadi kwenye utumbo, wakaliita kwa jina la Rapunzel, binti wa hadithi mwenye nywele ndefu. Na mwaka 2007 madaktari wa Chicago waliripoti msichana wa miaka 18 aliyetolewa donge la kilo 4 na nusu. Hebu fikiria, uzito wa mtoto mchanga na zaidi!

Nywele hazisagiki tumboni. Huteleza, hunasa kwenye mikunjo, zikachanganyika na ute na chakula, na mwaka baada ya mwaka donge linakua. Wengi wanaopatwa ni wasichana. Wengine hung'oa nywele zao wakiwa na wasiwasi au huzuni, na hufanya hivyo kwa siri.

Huku kwetu tunajua zaidi kula udongo. Livingstone, katika shajara zake zilizochapishwa mwaka 1874, aliandika kwamba Zanzibar ugonjwa wa kula udongo uliitwa safura. Leo neno hilo tunalitumia kwa upungufu wa damu unaoletwa na minyoo, na si ajabu, kwani hamu ya kula visivyo chakula mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma. Kwa hiyo mtoto anayekula nywele apimwe damu pia.

Mama, unaposuka binti yako, angalia kichwa. Je, kuna sehemu yenye upara au nywele zilizokatika? Anashiba haraka, anatapika, anakonda? Ukimgusa juu ya kitovu unahisi kitu kigumu? Usimchape wala kumwaibisha mbele ya wenzake, na usiseme amerogwa. Dawa ya kuharisha haitoi donge hilo. Likiziba utumbo au kuutoboa, mtoto anaweza kufa. Donge kubwa hutolewa kwa upasuaji, na baadaye mtoto ahitaji mshauri wa kumsaidia kuacha tabia hiyo, la sivyo huota jingine.

Ukifika hospitalini, mwambie daktari wazi kwamba mtoto hula nywele. Asipolisikia hilo, anaweza kumtibu minyoo au vidonda vya tumbo miezi mingi.