Orodha ya Mwaka 1968

Tarehe 5 Julai 1948 Waingereza walianza kutibiwa bure: dawa, miwani, hata meno ya bandia. Raha hiyo haikudumu. Mwaka 1951 serikali ya Labour, ikihaha kutafuta fedha za silaha kwa sababu ya vita vya Korea, iliweka ada kwenye miwani na meno. Aneurin Bevan, mwasisi wa mfumo wenyewe, akajiuzulu uwaziri. Mwaka uliofuata chama cha Conservative, sasa kikiwa madarakani, kikageukia dawa: shilingi moja kwa karatasi ya daktari, shilingi hiyo hiyo iliyoipa jina fedha yetu. Kufikia mwisho wa 1956 ikawa shilingi kwa kila dawa.

Harold Wilson, aliyejiuzulu pamoja na Bevan, aliifuta ada hiyo mwaka 1965 akiwa waziri mkuu. Miaka mitatu baadaye, pauni ikiwa imeshushwa thamani na hazina imebanwa, akayala matapishi yake: ada ikarudi.

Ili kuwanusuru wenye maradhi ya kudumu, serikali na madaktari walikubaliana orodha fupi ya wasiolipa: kisukari kinachohitaji dawa, kifafa, upungufu wa homoni za tezi ya shingo na mengine machache. Pumu haikutajwa. Haikutajwa pia sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza makamasi mazito mapafuni. Enzi hizo wengi waliozaliwa nao walifariki utotoni, na watoto hawalipi. Leo wanaishi, wanafanya kazi, wanazaa. Orodha haijawaona.

Saratani iliongezwa mwaka 2009. Profesa Ian Gilmore alipewa kazi ya kutazama maradhi mengine ya kudumu, akapendekeza yote yasamehewe. Ripoti yake ilitoka 2010, serikali imeshabadilika, ikawekwa kabatini.

Basi simama kwenye duka la dawa mjini Bristol. Mwenye tatizo la tezi anasaini nyuma ya karatasi, anaondoka na vidonge vyake pamoja na krimu ya fangasi wa miguuni, bila kutoa senti, maana msamaha wake unafunika kila dawa. Nyuma yake yuko mwenye pumu, anayehitaji inhela mbili, ya buluu na ya kahawia. Kwa bei iliyowekwa Mei 2024, pauni 9.90 kila moja, anatoa 19.80. Ng'ambo ya mto Severn, huko Wales, ada ilifutwa 2007. Huko asingefungua pochi.