Mwalimu wa Kuchagua Ushanga

Anayetafuta wa kumfunza biashara huanza kwa kuwatazama waliotajirika kupita wote. Kipimo hicho kinaweza kujaribiwa vizuri kwa wafanyabiashara wa Unguja na Mrima wa karne ya 19, kwa kuwa hesabu zao zimekwisha fungwa na tunaona walichoacha. Majina matatu hayakwepeki: Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, Taria Topan, tajiri wa Unguja, na Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo. Kama ningelazimika kumkabidhi kijana kwa mmoja wao, ningemkabidhi kwa Sewa Haji, ingawa yeye naye ana ushahidi mbaya dhidi yake.

Hoja ya kumchagua Tippu Tip ni nzito. Yeye peke yake alituachia maisha yake kwa maandishi, tena kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini ukiyasoma kwa jicho la mwanafunzi wa biashara, unakuta faida kubwa inaanzia mahali ambapo mizani haikufika. Mwaka 1867 alimshinda mtawala Nsama wa Itabwa kwa bunduki, akazoa pembe za ndovu zilizokuwa zimelimbikizwa pale. Kishindo cha bunduki hakifundishi bei. Aliyefuata njia hiyo alihitaji jeshi, na nguvu za Wazungu zilipoingia Kongo, njia yenyewe ilikatika. Mali ya kuanzia safari zake kubwa nayo ilikuwa ya mkopo, na mmoja wa waliomkopesha ni Taria Topan.

Basi kwa nini tusimchague Taria mwenyewe? Alitoka Kachchh akiwa mtoto, akapanda hadi kukodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha ya Zanzibar mwaka 1876, na msafiri Stanley, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu mtu, alimtaja kuwa mfano wa uaminifu. Namheshimu. Ila kufikia hapo nguvu yake ilitegemea mtaji mkubwa na kusikilizwa na Sultani, na vitu hivyo viwili mwanafunzi harithi kwa kukaa dukani.

Sewa Haji alifanya kazi iliyoonekana ndogo: kuziandaa safari za wengine. Aliyetaka kwenda bara alimwendea Bagamoyo kutafuta wapagazi, vitambaa, shaba na ushanga. Mpagazi alibeba kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na kila frasila ilipaswa kuwa ya kitu kitakachopokewa huko mbele. Hapo ndipo palipokuwa na elimu. Ushanga mweusi ulioitwa bubu ulikuwa fedha kamili Ugogo, lakini nje ya Ugogo watu waliukataa kabisa. Mweupe ulipendwa sehemu nyingine, ukadharauliwa kwingine. Mwekundu, samisami, nao ulikuwa na kwao. Msafara uliokosea rangi ungeweza kulala njaa ukiwa na mizigo mizima mabegani, katikati ya vijiji vyenye nafaka. Ujuzi wa aina hii haufichiki katika ushujaa wa mtu. Karani anayefunga mizigo na kuwauliza wapagazi waliorudi ni nini kilichokataliwa safari hii, anaupata kidogo kidogo mpaka unakuwa wake.

Najua litakalosemwa. Stanley huyohuyo, akijiandaa Bagamoyo mwaka 1871, alilalamika vikali juu ya kijana aliyepewa kazi ya kumtafutia wapagazi, akimshutumu kwa ulaghai. Alimwandika kama Soor Hadji Palloo, na wanahistoria wanamtambua kuwa ni Sewa Haji, wakati huo akiwa na umri wa miaka 20 hivi. Sioni sababu ya kulikana hilo. Lipo pia zito zaidi: misafara ya pembe ilishikamana na utumwa, na aliyeuza baruti na vitambaa hawezi kusema hakujua vilikokwenda. Jengo la shule alilolitoa Bagamoyo kwa sharti la kupokea watoto wa kila rangi, na hospitali ya Dar es Salaam ya mwaka 1897 ambayo jina lake limeendelea kuishi Muhimbili, havifuti deni hilo. Lakini swali letu ni ujuzi upi wa mtu unaweza kuchukuliwa na mwingine ukatumika penye biashara halali, na kwa swali hilo Sewa Haji ana shahidi ambaye wenzake hawana.

Shahidi huyo ni Allidina Visram, aliyekuja kutoka Kachchh akiwa kijana mdogo na kufanya kazi chini yake Bagamoyo. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, reli ilikuwa imeanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka mmoja tu kabla. Allidina hakung'ang'ania misafara. Alifuata reli na maduka, akihudumia wajenzi, kisha akaenea Uganda hadi watu wakamwita mfalme asiye na taji. Mtu anaweza kujibu kwamba kampuni yake nayo haikudumu muda mrefu baada ya yeye kufa mwaka 1916. Ni kweli. Hata hivyo, alipokuwa hai aliwakopesha bidhaa wageni wasio na mtaji, wakafungua maduka yao mahali ambapo yeye hakuwa na duka, na kila mmoja wao ilimbidi aanze kwa kujua wateja wa pale wanataka kitambaa gani.