Namba ya Marekani juu ya Bonde la Msimbazi

Juzi rafiki yangu mmoja, fundi wa kuchora ramani kwa kompyuta, aliniita nikaone kitu. Akaandika mistari michache ya Python, akabonyeza, na kabla sijamaliza chai yangu bonde lote la Msimbazi, kuanzia vilima vya Pugu hadi Jangwani, likawa limepakwa rangi. Nyekundu ni pale ambapo mvua haizami ardhini, inatiririka.

"Kazi imekwisha," akasema. Nami kwa umbea wa kiandishi nikauliza: hizo namba alizitunga nani?

Naam wasomaji, hapo ndipo historia inapoanza, na haianzii Dar.

Miaka ya 1930 upepo ulipeperusha udongo wa mashamba ya Marekani. Mwaka 1935 ikaundwa Idara ya Hifadhi ya Udongo chini ya Hugh Hammond Bennett. Mwaka 1954 ikapitishwa sheria ya kulinda mabonde madogo dhidi ya mafuriko, na idara ikahitaji hesabu moja ya kutumika kila mahali. Wataalamu wake, akiwamo Victor Mockus, wakaipa kila aina ya ardhi namba isiyozidi 100, kufuatana na udongo na kilicho juu yake. Lami ni 98. Malisho mazuri kwenye udongo unaonywa maji kiasi ni 61. Ikinyesha milimita 100, lami inatiririsha kama 94, malisho kama 20 tu.

Jedwali hilo ndilo linalosomwa na skripti ya rafiki yangu. Inapandanisha ramani ya udongo na ya matumizi ya ardhi, kisha inagawa namba.

Sasa, jedwali lilitokana na vipimo vya mashamba ya Marekani. Uwanja wa Buguruni ulioshindiliwa na miguu ya watoto wacheza mpira utapewa namba gani? Aliye mbali ataona udongo mtupu, atadhani unakunywa maji. Kumbe unakaribia lami!

Si mzaha huu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Rangi kwenye ramani inaweza kumhamisha mtu, au kumwacha alale penye hatari.

Skripti siikatai, imetuokolea miezi ya kazi. Ila kabla ya kubonyeza, mtu ashuke bondeni, amwage ndoo ya maji, atazame yanaelekea wapi. Au nyie mwaonaje?